Laptopu yako haijafa, ni lango tu limefungwa

Neno lenyewe ni moja tu: "Tufomati."

Umelisikia. Umebeba laptopu mgongoni hadi kwa fundi, umeiweka juu ya kaunta ya kioo iliyojaa chaja na kava za simu, ameiwasha, ameangalia skrini nyeusi kwa sekunde kumi, kisha akalitamka kama jambo dogo. "Boss, hii ni kufomati tu." Wewe hujui la kujibu, na wateja wengine wanakusukuma kutoka nyuma. Unasema sawa fundi. Baada ya saa moja unarudishiwa mashine inayowaka vizuri, nyepesi, safi, tupu.

Hiyo tupu ndiyo imenifanya niandike.

Msimamo wangu ni huu: laptopu kukataa kuingia Windows si sababu ya kuifuta. Na kama yako ina mifumo endeshi miwili, Windows huku na Linux kule, basi mara nyingi kilichoharibika ni kitu kidogo kinachokaa mlangoni. Faili zako zote, za picha, za projekti, za hesabu ya biashara, ziko pale pale ulipoziacha. Fundi anayefuta kabla ya kuangalia anakutia hasara halafu anakuitisha pesa juu yake. Nasi tunaomruhusu bila swali hata moja tuna sehemu yetu ya lawama, nitafika hapo.

Watu wa Busia hatuhitaji darasa kulielewa jambo hili. Tunaishi ndani yake. Jina la mji ni moja, nchi ni mbili, na katikati kuna lango. Kompyuta ya mifumo miwili iko hivyo hivyo. Diski ni moja, imegawanywa vyumba vinavyoitwa patishoni. Chumba kimoja kina Windows, kingine kina Ubuntu ama Mint, na kila upande una sheria zake. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, mashine haijui Windows ni nini wala Linux ni nini. Kuna programu fupi iliyokaa kwenye madabodi, ya kizamani inaitwa BIOS na ya kisasa UEFI, ambayo kazi yake ni kuamsha vifaa na kutafuta nani wa kumkabidhi safari. Anayekabidhiwa ni butiloda. Hiyo ndiyo inayokuuliza, "Unaenda wapi, Windows ama Ubuntu?" kisha inakubeba hadi huko.

Wazee wanasema boda boda ilizaliwa kwenye mpaka huu wetu, enzi za baiskeli, vijana wakiwabeba watu kutoka kituo cha upande mmoja hadi kituo cha upande wa pili huku wakiita "boda! boda!" Butiloda ni huyo kijana wa baiskeli. Safari yake ni fupi, mzigo si wake, na akishakufikisha anatoweka. Sasa niambie: kijana wa baiskeli akipata pancha, Kampala imepotea?

Mnakumbuka Malaba wakati wa Covid, mwaka 2020, na tena Januari 2022, malori yalivyojipanga kilomita baada ya kilomita yakisubiri kuvuka. Mizigo ilikuwepo. Madereva walikuwepo, wakipika chai chini ya trela. Uganda ilikuwepo. Kilichokwama ni lango. Hakuna mtu mwenye akili timamu aliyesema basi tuchome malori yote tuanze na mapya. Lakini kwa laptopu ndivyo tunavyofanya kila siku, na tunalipa.

Nikupe kisa kimoja. Namjua dada anayefanya biashara ya mayai na nafaka kati ya pande mbili za mpaka. Jina lake tuliache. Anawauzia wenye mikahawa na maduka kwa mkopo, wanalipa mwisho wa mwezi, na hesabu yote ilikuwa kwenye Excel moja: nani amechukua trei ngapi, amelipa ngapi, amebakisha ngapi. Laptopu ni ya mtumba, zile tunaziita ex-UK, ya zamani kidogo. Ndugu yake mdogo, mwanafunzi, alikuwa ameweka Ubuntu humo kwa sababu ya masomo. Muhula ulipoisha akaingia Windows, akakifuta kile chumba cha Ubuntu ili dada apate nafasi. Nia nzuri kabisa. Asubuhi yake dada anawasha anapata mstari unaosema "error: no such partition" na chini yake "grub rescue>" na kimshale kinapepesa.

Kilichotokea ni rahisi. Butiloda ya Ubuntu inaitwa GRUB. Kipande chake cha kwanza kilikuwa bado mlangoni, lakini sehemu yake kubwa ilikuwa ndani ya kile chumba kilichofutwa. Kwa hivyo mlinzi yuko langoni, ameamka, amevaa sare, lakini ofisi yake imebomolewa usiku. Hajui akupeleke wapi. Windows yenyewe iko nyuma yake, nzima, na Excel iko ndani ya Windows.

Fundi alichomeka flashi ya Windows akafomati. Kinachoniuma ni kwamba ile flashi aliyoitumia kufuta ndiyo ingetumika kuponya. Ukiwasha mashine kwa flashi ya Windows, kuna ule ukurasa wenye kitufe kikubwa cha kuweka Windows upya. Pembeni, chini kushoto, kuna maandishi madogo: "Repair your computer". Ukibonyeza hapo unaweza kufika kwenye ile skrini nyeusi ya kuandika amri, na kwa laptopu ya aina ile, amri ni moja: bootrec /fixmbr. Basi. Inarudisha butiloda ya Windows mlangoni, GRUB anaenda zake, unawasha tena unaikuta Excel yako na trei zako. Dakika tano, na nne kati ya hizo ni kusubiri flashi ifunguke.

Yeye alikaa wiki kadhaa akijaribu kujenga upya deni la kila mtu kutoka kwa meseji za M-Pesa na WhatsApp. Unajua mtu anayedaiwa akishajua kitabu kimepotea anavyokuwa. "Si nilikulipa, dada?" Wengine walikuwa waungwana. Wengine, manze, wacha tu.

Sasa tuingie ndani kidogo, maana ukijua kitu kiko wapi huwezi kutishwa. Kwa mashine za BIOS, butiloda huanzia kwenye kipande cha kwanza kabisa cha diski, baiti 512. Kati ya hizo, 446 ndizo za programu yenyewe. Zilizobaki ni orodha ya vyumba na alama ya mwisho. Baiti 446 hazifiki SMS nne. Na kiti hicho ni cha mtu mmoja. Ukiweka Windows baada ya Linux, Windows inakaa pale na kumwondoa GRUB bila hata hodi, halafu wewe unadhani Linux yako imefutwa. Haijafutwa. Haina tu mtu wa kuitaja mlangoni.

Mashine za UEFI zimepanga vizuri zaidi. Kuna chumba maalumu cha pamoja, mara nyingi cha megabaiti 100 hivi, ambapo kila mfumo unaweka butiloda yake ndani ya folda yake: folda ya Microsoft hii hapa, folda ya ubuntu ile pale. Ni kama kituo chetu cha pamoja cha mpakani, kile Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walikuja kufungua rasmi Februari 2018: maafisa wa nchi mbili, jengo moja, kila mmoja na dawati lake. Halafu madabodi yenyewe inahifadhi orodha ya nani aitwe kwanza. Kwa mashine hizi, mara nyingi hakuna kilichoharibika kabisa. Windows imejiapdeti, ikajiweka namba moja kwenye orodha, Ubuntu ikasukumwa chini. Unarekebisha kwa kuingia kwenye seti ya BIOS na kubadilisha mpangilio. Huhitaji hata flashi.

Piga hesabu. Kwa diski ya gigabaiti 500, chumba hicho cha lango ni sehemu moja kati ya elfu tano. Kufomati ni kubomoa nyumba ya vyumba 5,000 kwa sababu kitasa cha mlango mmoja kimelegea.

Mashine zenyewe pia zinachangia kutudanganya. HP nyingi za mtumba, zikikosa pa kwenda, zinaandika "Boot Device Not Found" na kukuambia uweke mfumo endeshi kwenye diski, na mwisho namba 3F0. Soma hayo maneno ukiwa mteja mwenye wasiwasi: mashine yenyewe imesema iwekewe mfumo! Fundi naye anakuonyesha, "Si unaona imeandika?" Kumbe ujumbe huo unaweza kutokea kwa sababu waya wa diski umelegea baada ya laptopu kuruka kwenye boda. Ama mtu amebadilisha UEFI kuwa Legacy. Ama ile betri ndogo ya duara ndani ya madabodi, inayofanana na ya saa, imekufa kwa uzee. Hiyo ikifa, mashine inasahau mipangilio yake na kurudi ya kiwandani, na kama mfumo wako uliwekwa kwa mpangilio tofauti, asubuhi hauonekani. Laptopu za ex-UK zimeshakula miaka yao Ulaya kabla ya kutufikia, kwa hivyo betri hiyo kuchoka si ajabu.

Najua kuna mtu ameshaanza kuuliza: kwani nani alikutuma uweke mifumo miwili? Kaa na Windows yako tu.

Swali halali, lakini limepitwa na wakati. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inataka kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0 na prosesa za karibuni, kwa Intel ni kizazi cha nane kwenda juu. Angalia kibandiko cha laptopu yako. Zile i5 za kizazi cha nne, cha tano na cha sita zilizojaa mitaani hazifiki hapo kwa njia rasmi. Kwa hivyo kijana mwenye akili anaweka Linux, ambayo ni ya bure na inaendelea kupata masasisho, halafu anaibakisha Windows pembeni kwa ile programu moja ya uhasibu, ama printa moja yenye kiburi, ama gemu. Hilo ni jambo la busara, na nadhani tutaona laptopu nyingi zaidi za namna hii. Hata jina lenyewe si geni. Ubuntu, iliyotoka mara ya kwanza Oktoba 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ni neno la nyumbani. Sisi tunasema utu. Waluhya hapa wakisema omundu, mtu, sikio linasikia ukoo ule ule.

Na usidhani anayeweka mifumo miwili ndiye anayejitafutia shida. Tarehe 13 Agosti 2024 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu la usalama kwenye matoleo ya zamani ya GRUB. Ilisema kompyuta zenye Windows na Linux pamoja hazitaguswa. Ziliguswa. Watu dunia nzima waliwasha mashine zao, wakachagua Linux, wakakutana na "Verifying shim SBAT data failed: Security Policy Violation", na mstari wa pili unaosema kuna jambo limeharibika vibaya sana, kisha mashine ikajizima. Hebu fikiria ukipelekea fundi ujumbe kama huo. Anaona maneno hayo, anatingisha kichwa, anachukua flashi.

Dawa ilikuwa ipi? Unaingia kwenye mipangilio ya UEFI, unazima Secure Boot kwa muda, unaingia Linux, unaandika amri moja ya kufuta ile sera mpya (sudo mokutil --set-sbat-policy delete), unawasha tena, halafu unarudisha Secure Boot. Hakuna patishoni iliyoguswa. Marekebisho ya kudumu kutoka Microsoft yalikuja Mei 2025, miezi tisa baadaye. Miezi tisa! Ni fundi aliyesoma ndiye angekuokoa, si kampuni.

Mwezi mmoja tu kabla ya hapo, tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows milioni 8.5 duniani. Ndege zilikwama, benki zilikwama. Hiyo haikuwa shida ya butiloda, lakini ona walivyoitibu: mafundi waliingia kwa njia ya dharura, mashine baada ya mashine, wakafuta faili moja mbovu. Shirika la ndege halifomati kaunta zake kwa sababu kuna kitu ndani linakithamini. Nawe una kitu ndani.

Nimtetee fundi sasa, maana wengi wao ni wenzetu, umri wetu, na wengine tuliacha nao chuo mwaka mmoja. (Mimi niliacha mwaka wa pili. Karo. Hiyo ni makala nyingine.) Fundi anafomati kwa sababu kufomati kuna bei. Kila mtu anaijua, hakuna ubishi. Inachukua muda unaojulikana, na matokeo yanajulikana: mashine itawaka. Kurekebisha butiloda ni kukaa chini na kufikiri, na mteja wa Kenya hataki kulipia kufikiri. Fundi akimaliza kwa dakika tano, mteja anasema, "Si umeandika tu kamstari kamoja, unaniitisha mia tano ya nini?" Lakini akikaa nayo saa tatu akiifuta na kuweka Windows upya, pamoja na zile programu za kuibiwa zenye virusi, hapo mteja anaona kazi imefanyika. Tumewafundisha mafundi kwamba uharibifu unalipa kuliko maarifa, halafu tunashangaa.

Kwa hivyo lipa. Mtu akikurudishia mashine na faili zako zote kwa dakika tano, mlipe zaidi ya yule aliyekufutia kwa saa tatu. Nasema hivi nikijua pesa ni ngumu. Linganisha na thamani ya Excel ya yule dada.

Nawe fundi unayesoma hii ukiwa kazini: usiniambie "mteja anafaa kuwa na bakapu." Ni kweli anafaa. Lakini mtu akifika hospitali amevunjika mguu akiendesha bila helmeti, huukati mguu kumfunza adabu. Na biashara yenyewe ni yako. Andika kwa karatasi, bandika hapo dukani: "Tunarudisha laptopu bila kufuta faili." Uone foleni.

Wewe mteja, ukifika kwa fundi, kabla mashine haijafunguliwa, uliza. Diski inaonekana kwenye BIOS? Kama inaonekana, umejaribu kufungua ile menyu ya kuchagua pa kuwashia? Ni F9 kwa HP, F12 kwa Dell na kwa Lenovo nyingi. Ukiona hapo "Windows Boot Manager" ama "ubuntu", jaribu kuvichagua kimoja kimoja; mara nyingine safari inaishia hapo na hujalipa chochote. Swali la mwisho ndilo kubwa: umenakili faili zangu mahali? Kama jibu ni hapana, hakuna kufomati. Chukua laptopu yako uende. Usione haya. Ni yako.

Na hata kunakili si uchawi. Flashi ya gigabaiti 8 yenye Ubuntu inatosha. Unawasha kwa flashi hiyo, unachagua kuijaribu bila kuiweka, na Ubuntu nzima inakimbia kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Unafungua kile chumba cha Windows kama folda ya kawaida, unaona Documents, unaona Pictures, unanakili kwenye diski ya nje. Mara ya kwanza ukimwonyesha mtu hivyo, mtu aliyeambiwa mashine imekufa, uso wake unabadilika kabisa.

Ukishanakili, ndipo unarekebisha. Ukiwa kwenye flashi hiyo hiyo unaweza kuweka programu inayoitwa Boot-Repair, ambayo ina kitufe kimoja cha marekebisho yanayopendekezwa. Wanaopenda kuandika amri wanaingia ndani ya Ubuntu iliyoko kwenye diski kwa mount na chroot, kisha wanaandika grub-install, halafu update-grub. Angalia tu kwamba flashi imewashwa kwa njia ile ile ya mfumo wako, UEFI kwa UEFI, Legacy kwa Legacy, la sivyo utarekebisha lango lisilotumika. Na kama GRUB imerudi lakini haikutajii Windows, usipige kelele. Tangu GRUB 2.06 ya mwaka 2021, tabia ya kutafuta mifumo mingine imezimwa. Unafungua faili ya /etc/default/grub, unaweka GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, unarudia update-grub. Windows inajitokeza kwenye orodha.

Kuna mahali pamoja pa kuwa mwangalifu sana, na hapa simlaumu fundi. BitLocker. Laptopu nyingi za Windows 11, hasa zilizowekewa toleo la 24H2 kwa akaunti ya Microsoft, zinafunga diski kwa siri bila wewe kuombwa ruhusa waziwazi. Ukigusa Secure Boot ama mpangilio wa kuwasha, inaweza kukuitisha ufunguo wa tarakimu 48. Huo ufunguo kwa kawaida uko kwenye akaunti yako ya Microsoft. Ingia leo, sasa hivi, ukiwa bado na mashine nzima, uuandike kwenye daftari. Bila ufunguo huo hakuna fundi wa Busia, wa Nairobi wala wa Marekani atakayekufungulia.

Na kama tayari wamefuta? Zima. Usiwashe kuangalia "kama imebaki kitu", usiweke programu mpya, usipakue hata wimbo, kwa sababu kila kitu kipya kinakalia mahali pa kile cha zamani. Kama diski ni ile ya kuzunguka, kuna programu za bure zinazoitwa TestDisk na PhotoRec zinazoweza kurudisha orodha ya vyumba ama kuokota faili moja moja. Kama ni SSD, nafasi ni ndogo sana, kwa sababu SSD nyingi huambiwa zijisafishe mara tu kitu kinapofutwa. Yule dada alikuwa na diski ya kuzunguka, lakini tulijua habari hizi mashine ikiwa imeshatumika wiki tatu.

Jambo dogo la mwisho kwa watakaofaulu kurudisha mifumo yote miwili. Ukitoka Ubuntu ukaingia Windows, utakuta saa iko nyuma kwa masaa matatu. Usirudi kwa fundi. Linux inahifadhi saa ya dunia kwenye madabodi, Windows inadhani hiyo ni saa ya hapa, na Kenya iko mbele kwa masaa matatu, ndiyo maana. Ingia Ubuntu uandike timedatectl set-local-rtc 1, kisha uendelee na kazi yako.